Jicho la Turubai

Kompyuta? Mimi? Hata kidogo, mwanangu. Mimi na kompyuta tulikuwa tunasalimiana kwa mbali tu, yeye na shughuli zake, mimi na zangu. Mimi nilishona. Nilikwenda nchi ya watu, kwenye kituo cha vijana wanaochezea umeme na picha na sauti mpaka vinageuka kitu cha kutazamwa, nikakaa sakafuni na sindano yangu nikawashonea mbingu. Ndiyo, mbingu. Cheka tu, halafu nimiminie hiyo chai nikueleze vizuri, maana umeuliza kwa mzaha lakini jambo lenyewe halikuwa la mzaha.

Mpakani nako walicheka. Kijana mwenye mhuri aliniuliza, mzee unakwenda kufanya nini? Nikamwambia nakwenda kujitolea. Akauliza kujitolea nini, damu? Akaitazama mishipa ya mkono wangu, akaona hata hiyo damu yenyewe sina ya kugawa. Nikamwambia najitolea ufundi. Akagonga mhuri huku anatikisa kichwa, akasema kwao wazee wanakwenda kwa watoto wao kupumzika. Nikamjibu kwamba mapumziko marefu yananingoja mbele, asiwe na haraka na mimi.

Aliyeniita ni mjukuu wangu. Unamjua, yule wa binti yangu mkubwa, ninayemwita mke wangu mdogo. Yeye na marehemu bibi yake walikuwa na jina moja, kwa hiyo wao walikuwa wakiitana somo. Somo njoo, somo shika hapa, somo umekula? Nyumba nzima ilikuwa somo, somo, mpaka mimi najiona mpangaji. Bibi yake ndiye aliyemlea, tena palepale karakana, katikati ya marobota ya turubai. Mtoto akichoka alilala mchana chini ya hema tulilotundika kulipima, sisi tunashona pembeni, naye anakoroma kidogo kama paka.

Sasa ngoja nikueleze kitu kimoja cha kazi yetu, usije ukapotea. Hema kubwa lina jicho. Pale juu kabisa, katikati, pande zote zinapokutana, unaacha tundu la duara ili upepo upate pa kutokea. Ukiliziba, siku ya upepo hema linaondoka na wageni wako wanabaki wameshika vikombe. Na juu ya lile tundu unashona kofia, ya kuzuia jua na mvua. Mimi nilishona mbavu, nilishona pande, nilishona pindo. Lakini kofia ya jicho ilikuwa kazi ya mke wangu tangu tulipooana. Mimi nikifika juu naweka sindano chini, naondoka zangu kwenda kunywa chai. Nikirudi jicho limeshavaa kofia. Hatukuwahi kuzungumza juu ya hilo. Ni kama vile mtu na mguu wake wa kushoto, nani anaulizana?

Basi alipofariki, mtoto yuko ng'ambo, ameshaanza hiyo kazi yake ya kujitolea kituoni. Barabara, vibali, mipaka, mpaka anapata njia sisi tumeshazika. Akaona hakuna haja tena ya kuja. Tangu hapo akipiga simu anauliza mvua, anauliza mbuzi, anauliza goti langu. Somo wake hamtaji. Mama yake akianza kulia kwenye simu, yeye anasema mtandao unakatika.

Halafu siku moja akapiga akaniambia vijana wake wanataka kutengeneza mbingu ya kuingia ndani, wamejaribu kuunganisha mashuka kwa gundi, yananing'inia kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Babu, unaweza kuja? Binti yangu alikuwa anasikiliza. Akanishika mkono akasema, baba nenda, ukamtazame mtoto. Ndiyo nikaenda, na sindano zangu, na donge la nta, na kile kipande cha ngozi tunachovaa kiganjani ili sindano isitutoboe.

Kituo chenyewe zamani kilikuwa ghala la magodoro. Ukiingia bado unasikia ile harufu ya sponji mpya, mtu unapata usingizi hata kabla hujasalimiwa. Madirisha wameyaziba kwa vitambaa vyeusi kwa ajili ya picha zao, lakini juu kwenye paa kuna bati moja lile la kupitisha mwanga, ambalo hakuna ngazi inayolifikia, basi wameliacha. Kila kona ina kitu. Huku kuna mashine inayochapa vikombe na vinyago kwa kudondosha plastiki iliyoyeyuka, kidogo kidogo, kama nyigu anavyojenga. Kule kuna mtoto amevaa vidude masikioni anarekodi sauti ya ndoo. Wanaamkia vizuri, lakini Kiswahili chao kina mbio kidogo, mimi nikiwa nimefika kwenye "hamjambo" wao wameshaagana.

Kulikuwa na kijana mmoja wanamwita Waya, kwa sababu haonekani bila nyaya shingoni, amezivaa kama skafu. Huyo ndiye aliyenizoea mapema. Akaniita Babu Turubai, nami nikamwambia yeye siku akijinyonga kwa bahati mbaya asiseme hakuambiwa. Na mkuu wa kituo alikuwa mama mmoja mrefu, mpole, nywele amezifunga juu kama kichuguu, kila akipita chini ya kitu anainama hata kama hakigusi.

Na mke wangu mdogo? Amesimama. Hivyo ndivyo nilivyomkuta na hivyo ndivyo alivyobaki. Anafundisha amesimama, anaandika amesimama, anaongea na simu anatembea. Wakati wa kula wenzake wanavuta viti, yeye anaegemea mlango, sahani kwenye kiganja, anakula kama mtu anayechelewa basi. Nikamwambia, wewe, hujui somo wako alisemaje? Mke wangu alikuwa na neno lake, anayekula amesimama analisha miguu. Kwetu hakuna aliyegusa chakula mpaka wote wamekaa, hata kama ni mihogo mikavu, hata kama mmoja yuko chooni, anasubiriwa. Nilipolitaja hilo, mtoto akatabasamu upande mmoja, akasema Babu nina kazi, akaenda. Chumbani kwake nikaona kiti kimoja, kimebeba nguo mpaka juu. Hakijakaliwa siku nyingi.

Hapo ndipo nikajua nilichokuja kufanya. Mbingu ilikuwa kisingizio. Nilitaka mtoto yule akae chini. Basi. Nikawaza, siku atakayokaa chini akala na watu, nitapanda basi nirudi nyumbani na moyo wangu umetulia.

Lakini huwezi kumkalisha mtu mzima kwa nguvu, si robota la turubai. Nikashona.

Sijui nikueleze vipi zile siku. Kitambaa chenyewe cheupe, kizito, kimejaa sakafu nzima, na mimi nimekaa katikati yake kama mtu aliyeangukiwa na wingu. Kila niliposogea, wingu linasogea. Vijana wakawa wanajaribu picha zao juu ya kitambaa kabla hata sijamaliza, basi najikuta nashona juu ya maji, mara juu ya majani, mara uzi wangu umegeuka wa bluu na mkono pia. Kila kijana alikuwa ametengeneza mbingu ya kwake. Msichana mmoja yake ilikuwa ya nguo zilizoanikwa, mashati na magauni yanapita taratibu kama mawingu, kuna suruali moja ya mtoto mchanga iliyokuwa inachelewa kila mara. Mwingine mvua yake ilinyesha kwenda juu. Waya alikuwa na ndege wa karatasi, na kila ndege analia kwa sauti ya mlango: huyu mlango wa kwao, huyu wa shule, huyu wa duka la mtu aliyehama. Ukifumba macho unasikia kama mji mzima unafungua milango watu warudi.

Nilikuwa nasinzia humo, nakubali. Usingizi wenyewe mtamu. Kuna mchana nilifumbua macho nikaona mkono wa mtu unanyoosha kitambaa mbele yangu, unakivuta ili nipate mstari, vile vile alivyokuwa anafanya mwenzangu. Nikashona kuufuata. Nilipofika mwisho wa mstari, ulikuwa ni kivuli cha shati kwenye ile mbingu ya nguo. Sikuogopa. Nikasema ahsante, nikaendelea. Mshono wenyewe ulinyooka kuliko yote.

Basi hema likaisha. Nikafika juu, nikapiga pindo la jicho, nikakata uzi kwa meno, nikaweka sindano chini. Waya akauliza, Babu tayari? Nikamwambia tayari. Nikaenda kunywa chai.

Umeelewa nilichofanya? Ehe. Mazoea yana taabu.

Kesho yake ndiyo wazazi walikuwa wamealikwa jioni, waje waone kazi ya watoto wao. Asubuhi tukalivuta hema kwa kamba mpaka juu. Likapanda vizuri, likafunguka kama tumbo la mtu anayevuta pumzi. Waya akawasha mashine zao, na mbingu ikaja: nguo, mvua, ndege. Halafu watoto wote wakatazama mahali pamoja. Pale juu katikati kulikuwa na tundu la duara, na kupitia tundu hilo jua la kwenye lile bati la paa lilikuwa linamwagika mpaka sakafuni, limechora duara jeupe, na kila picha iliyolikaribia inafutika. Mashati yanaingia mwangani, hayatoki.

Mimi nikageuka nyuma nimwulize mwenzangu mbona bado hajamaliza. Nyuma yangu kulikuwa na ile mashine ya kuchapa vikombe.

Mwanangu, nilikuwa nimemzika mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Nilikuwa nimelia, nimepewa pole, nimemaliza. Lakini mikono haikuambiwa. Mikono yangu ilikuwa imemwachia kazi yake kama siku zote, na kumbe hadi jana yake ilikuwa inamsubiri.

Mke wangu mdogo alikuwa amesimama ukingoni mwa lile duara. Alilitazama duara sakafuni, akatazama jicho juu, akanitazama mimi. Alijua. Katika watu wote mle ndani ni yeye tu aliyejua nani alikuwa hajafika kazini. Akaokota nyaya zake akatoka nje.

Waya hakujua, kwa hiyo akafanya la kijana. Akapanda kwa ngazi, akaziba tundu kwa utepe wa gundi, vipande vingi, na kadibodi juu yake. Tukatazama. Mkuu akaja kuuliza kuna nini, akasimama chini yake, na kwa mara ya kwanza hakuinama. Kadibodi lote likamshukia kichwani, gundi ikashika kile kichuguu cha nywele. Ilibidi mtu alete mkasi. Waya akaomba radhi mpaka nyaya zikamdondoka shingoni, na mama wa watu akasema si neno, alikuwa anafikiria kunyoa.

Nikawaambia literemsheni, mimi nitalishona. Tukaliteremsha. Kiraka bapa hakifai pale, maana pande zote za hema zinavutana hapo juu, ukiweka bapa kinajikunja na mbingu nzima inakunja uso. Inatakiwa kofia, yenye pembe zinazopanda zikakutana. Nikakata vipande. Nikashona. Nikatazama. Ilikuwa kama sikio la mtu aliyelala vibaya. Nikafumua, nikakata tena, ikawa mbaya zaidi. Umri wote ule nimelala na fundi wa kofia nyumba moja, sijawahi kumtazama mikono anafanyaje. Nilikuwa nakwenda kunywa chai.

Msichana wa mbingu ya nguo akaniletea maji, akasema Babu pumzika, labda wazazi hawataona. Mtoto mzuri huyo, lakini hajui kudanganya. Tundu lenyewe lilikuwa kubwa ungepitisha mbuzi.

Ndipo nikaona miguu imesimama karibu yangu. Nilimjua kwa miguu.

"Babu, siyo hivyo," akasema. "Unakunja kwa nje. Somo alikuwa anakunja kwa ndani."

Tangu msiba ule sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake. Somo. Nikafanya kama sikulisikia, maana kuna vitu ukivigeukia vinakimbia, kama kuku unayetaka kumkamata. Nikamwambia, sijui mimi, macho yangu mabovu, hebu nionyeshe. Akachukua vipande, akajaribu amesimama. Kitambaa kizito kikateleza. Akajaribu kuegemeza kwenye meza, kikateleza. Akakishika kwa kidevu.

Mimi nilikuwa najua, na yeye alikuwa anajua. Kofia ya jicho haishonwi umesimama. Mikono miwili haitoshi, lazima uibane kwa magoti, na huwezi kubana kwa magoti kama hujakaa chini ukanyoosha mgongo na kupanua miguu, vile alivyokuwa anakaa mwenyewe. Nikavua kile kipande cha ngozi kiganjani nikampa. Akakishika. Akakaa hivyo amekishika, namaanisha amesimama hivyo.

"Nikikaa, Babu, itakuwa kweli," akasema.

Vijana walikuwepo lakini walijifanya wana kazi. Waya alikuwa anakunja waya uliokwisha kukunjwa.

"Imeshakuwa kweli, mke wangu," nikamwambia. "Kaa tu."

Akakaa. Hakukaa kama mtu anayekaa kwenye kiti, alishuka kidogo kidogo, mkono mmoja begani kwangu, mpaka akafika sakafuni kwenye kile kitambaa cheupe. Akabana vipande kwa magoti. Akavuta uzi kwenye nta. Na machozi yakaanza wakati uleule na mshono wa kwanza, bila kelele, anashona na yanashuka, na yeye hapangusi kwa sababu mikono ina kazi. Akawa anakiambia kitambaa, tulia wewe, tulia, kwa sauti ileile ya bibi yake, maana mwenzangu alikuwa akigombana na kila turubai kama mtoto wa jirani.

Akanieleza huku anashona. Kwamba siku tuliyozika, yeye alikuwa pale pale ghalani anaunganisha nyaya, na kila aliyempa kiti alikikataa, kwa kuwa alijiambia akiwa wima bado yuko njiani anakuja, hajachelewa. Akasahau kuacha. Nikamwambia mimi mikono yangu ilifanya hivyohivyo hadi jana, kwa hiyo tusichekane. Akacheka. Pua imejaa, anacheka. Akasema, Babu, ulimwachia kazi marehemu. Nikamwambia, ningefanya nini, ndiye alikuwa fundi.

Kofia ikaisha, nzuri, imepanda pembe zake zikakutana. Ila hakuishona yote. Upande mmoja aliuacha wazi, akautilia kamba ndefu, ukivuta inafunguka. Akasema somo wake ndivyo alivyokuwa anafanya kwa hema za watu wanaokaa sana ndani. Mimi hilo pia nilikuwa silijui.

Jioni wazazi wakaja, na vyungu vyao na vifuniko, wamevifunga kwa vitambaa. Wakaingia ndani ya mbingu, wakawa kama watoto. Baba mmoja alisikia mlango wa nyumba aliyozaliwa unalia juu ya kichwa chake, akanyoosha mkono kama anataka kuushika usijigonge. Jua lilikuwa bado halijazama. Mwishoni kabisa, picha zikiwa zimepungua, mjukuu wangu akavuta kamba. Jicho likafunguka. Ule mwanga wa jioni, mwekundu kidogo, ukashuka mpaka chini ukachora duara, na vumbi linaelea humo taratibu. Mtoto mdogo wa mtu akaenda akalala katikati ya duara, akakunja miguu kama paka. Mama yake akataka kumwondoa. Mjukuu wangu akasema mwacheni, hapo ni mahali pa kulala.

Sasa wenyewe walikuwa wamepanga watu wale chakula kwa mtindo wa kisasa, sahani mkononi, unazunguka unazunguka unasalimia. Meza ilikuwa imewekwa kule karibu na mlango, na Waya ameshaanza kuchovya kidole. Mke wangu mdogo akamwendea mkuu, akamwambia kitu sikioni. Mkuu akatazama juu, akagusa mahali nywele zilipokuwa, akasema sawa. Wakaleta mikeka, wakaleta maboksi, na sponji za godoro zilizosahauliwa nyuma ya ghala tangu enzi za wenye ghala. Wakatandika chini ya hema kulizunguka lile duara, vyungu vikaingizwa ndani, na watu wakaanza kushuka, mabibi kwa vijana, huyu anamshika huyu, viatu vimejaa pembeni.

Yeye alikaa katikati ya msichana wa mbingu ya nguo na Waya. Alikaa vizuri, kitako chote, kama mtu aliyefika. Akamimina maji ya kunawa yakazunguka. Waya akanyoosha mkono kwenye chungu, akapigwa kofi mkononi.

"Bado," akamwambia. "Kuna mtu hajakaa."

Huyo mtu ni mimi. Ujue goti langu, kushuka kwake ni safari. Niliwaambia kuleni, chakula kinapoa, nitawakuta. Hakuna aliyegusa. Wakanitazama wote, wazazi wa watu, mama mrefu aliyekatwa nywele, watoto, mvuke unapanda kutoka kwenye vyungu unaingia kwenye mwanga, unatokea jichoni. Nikashika bega la Waya upande huu, nikashika bega la mke wangu mdogo upande huu, nikashuka polepole, goti likalia kama mmoja wa wale ndege, mpaka nikafika chini. Ndipo tukala.